Ufunguo wa Mwanaidi

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe nne Aprili, siku daraja la mbao lilipovunjika na Mwanaidi akaenda na maji. Wakubwa walikuwa wakiahidi kulitengeneza kwa miaka mitatu sasa. Walichotengeneza ni matumbo yao.

Baada ya maziko, Makame, mumewe, aliuhamisha ufunguo wa nyumba. Mwanaidi alizoea kuuweka chini ya mtungi wa barazani; yeye akautundika ndani ya banda la kuku.

Binti yao Riziki, wa miaka minne, alikuwa akimtazama. "Baba, mama atautafuta chini ya mtungi."

"Mama hatafuti kitu tena, mwanangu. Tumemzika, umesahau?"

"Sijasahau. Lakini hakukuona ukiuhamisha. Hajui."

Asubuhi yake wakaenda wote wawili ofisini kwa wale wakubwa kuuliza nani alaumiwe kwa lile daraja. Wakaambiwa warudi kesho, kama kawaida yao.

Waliporudi nyumbani, mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Ila mtungi ulikuwa umesogezwa kando, na pale ulipokaa siku zote, udongo mbichi ulikuwa na michirizi ya vidole vilivyopapasa.

Riziki akamshika baba yake mkono, akanong'ona, "Umeona? Sasa tumwambie ufunguo uko wapi?"