Kidole Kidogo cha Bi Salha

Tangu ghala la saruji lilipoletewa kompyuta mpya, oda alizoandika karani Bi Salha zilikuwa zikiwafikia wapakiaji zikiwa na jina la mteja tu. Mkono wake ulishazoea mashine ya zamani, ambako kitufe kikubwa kilishusha mstari na kile kidogo cha pembeni ndicho kilichotuma. Kwenye hii mpya, kikubwa kilituma papo hapo.

"Bi Salha," mpakiaji mmoja alichungulia dirishani, "huyu Mzee Ngwale tumpakie yeye mwenyewe kwenye lori?"

Bi Salha alicheka naye, ingawa meneja alishaanza kutafuta mtu mwingine wa kukalia kile kiti.

Fundi Tuwa wa kompyuta hakuhangaika kumfundisha tena. Alimwambia afumbe macho aandike kama zamani, akakitazama kidole chake kidogo kikijiendea chenyewe hadi pembeni. Kisha akafungua mipangilio, akavibadilishia kazi vile vitufe viwili.

"Haya mama, jaribu."

Aliandika jina, akabonyeza kitufe kikubwa, mstari ukashuka. Akaandika mifuko arobaini. Kidole kidogo kikaenda zake pembeni.

Wakatega masikio. Kule nje, mfuko wa kwanza ukatua kwenye lori kwa kishindo.