Kamera ya Ngazini

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi tena, na safari hii hata mshale wa kipanya ukamezwa.

“Mnaona wenyewe,” Fundi Mkoba alisema huku akijifuta jasho. “Kadi ya picha imekufa.”

Mjane alisimama nyuma ya kiti cha fundi, mikono ameifumbata kifuani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikaa karibu na mlango, ametulia kama maji mtungini.

Fundi hakuwa mgeni humo ndani. Jina la Mkoba alipewa kwa ajili ya mkoba wake wa njano, uliokatika ukanda akaufunga kwa waya, na ambao hakuuacha hata siku ya mazishi. Yeye ndiye aliyefunga kamera za nyumba ile, getini, ghalani na ngazini, bidhaa za ghalani zilipoanza kupungua bila kuuzwa. Programu ya kamera ilikuwa ya kizamani, ikaigomea kompyuta mpya. Ndipo akaweka kompyuta ndani ya kompyuta, isiyoshikika kwa mkono, inayoishi kwa kuazima nguvu za mwenyeji wake. Mafundi huiita mashine pepe. Marehemu aliifurahia, akaiwekea nenosiri la kufutia picha, ambalo amekufa nalo. Kutazama picha, yeyote aliweza. Kuzifuta, yeye peke yake.

Kisha marehemu akaanguka ngazini mchana kweupe, nyumba ikiwa haina mtu. Tangu siku hiyo, mashine pepe ikiwashwa huleta giza tu.

“Nataka nione alivyoanguka,” mjane alisema. “Wananiambia aliteleza. Ngazi ile kaipanda tangu tuoane! Sipati usingizi, fundi.”

“Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa.”

Akafungua mipangilio. Kumbukumbu ya picha, yaani ile nguvu inayoazimwa ili mashine ya ndani iweze kuchora kinachoonekana, ilikuwa imeshushwa hadi chini kabisa. Fundi aliitazama, akaipita. Akazima, akawasha. Giza. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Giza.

“Hapo ulipopita pana nini?” shemeji aliuliza.

“Wapi, hapa? Hapahusiki, kaka.”

Anayewajua mafundi anajua kinachofuata: njoo kesho, njoo kesho kutwa, na mwisho kifaa chako kinarudi kigonjwa kuliko kilivyoondoka. Mkoba naye akashika njia hiyohiyo.

“Nipeni niende nayo kwangu. Nikibadilisha kadi itapona. Ila picha za nyuma, nisiwadanganye, hazitarudi.”

“Hazitarudi kabisa?”

“Yaliyopita si ndwele, mama.”

Mjane alishusha pumzi ndefu. Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Shemeji aliinuka bila haraka, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni.

“Keti kwanza, fundi.”

Mjane akainama juu ya bega la fundi, akashika kipanya. Akarudi palepale fundi alipopita, akaipandisha kumbukumbu ya picha kutoka chini hadi juu, taratibu, kama mtu aliyefundishwa karibuni akaogopa kusahau.

“Fundi mwingine tuliyemleta jana hakufanya zaidi ya hili,” alisema. “Kisha tukairudisha chini, tuone leo kama na wewe utalifanya.”

Kioo kikaangaza. Ngazi zikatokea, na mumewe akishuka, kisha akigeuka kusema na mtu aliyekuwa nyuma yake. Mkono ukanyooka, ukamsukuma. Begani pa mwenye mkono ule ulining'inia mkoba wa njano, ukanda wake umefungwa kwa waya.