Kichwa cha Machogu

Persis alimkaza mumewe kitambaa kichwani mpaka mishipa ya paji la uso ikatuna, na bado Machogu akamsihi akaze zaidi.

"Hii pombe itaniua, mama Ongeri."

"Basi iache."

Jua likianza kushuka Machogu angejikokota hadi kwa Esnah, mpika busaa, arudi akinuka, na asubuhi kichwa kimpasuke upya. Tangu mavuno maisha yao yalikuwa hayo tu.

Persis hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alishuka Ogembo kwa dresa wa zahanati, bwana mmoja mkali, akasomeshwa kama mtoto wa shule. Pombe humkojoza mtu kupita kiasi, mwili unakauka, ndipo kichwa kinagonga. Mumeo asinywe na tumbo tupu. Asichanganye busaa na ile pombe kali. Na asilale kabla ya kunywa maji mengi.

Yote aliyafuata. Ugali wa wimbi kabla Machogu hajatoka, mtungi wa maji kando ya kitanda, uji asubuhi. Na wimbi, Mungu ashukuriwe, sasa lilikuwepo. Zamani lilikuwa likipungua ghalani bila kuonekana mlaji, mpaka usiku mmoja wakati wa mavuno Persis mwenyewe akajificha humo ndani na mchi wake. Mwizi alipoinua paa gizani aliuonja mchi, akatimua mbio, na hakurudi tena. Kijiji kizima kilimsifu Persis, na Machogu alimsifu kuliko wote.

"Mtu wa kuibia watoto chakula," alisema, "afadhali afe."

Lakini kichwa hakikupoa. Mkono wa kushoto ukaanza kulegea, ulimi ukawa mzito, na watu njiani wakacheka kwamba Machogu siku hizi analewa hata kabla ya saa sita. Persis aliwachukia kwa kicheko kile. Aliogopa kubaki mjane, na hofu hiyo ndiyo iliyompeleka Kenyenya kumleta Nyasani.

Nyasani alikuwa omobari, fundi wa kufungua vichwa. Waliopigwa marungu na mawe aliwachana ngozi, akaukwangua mfupa polepole, akaitoa damu mbovu, nao wakarudi shambani. Alikipapasa kichwa cha Machogu. Kidole chake kikasimama juu ya sikio.

"Nani alikupiga hapa?"

"Hakuna."

"Ndugu yangu, kichwa cha pombe mimi sikifungui. Nikifanya hivyo nimeua mtu. Sema ulipigwa, nianze kazi sasa hivi."

Machogu alimtazama mkewe, akamtazama weee.

"Sema, baba Ongeri," Persis alimbembeleza, machozi yakimtoka. "Kama mlipigana huko kwa Esnah, sema tu. Nani atakulaumu?"

"Ni pombe," alisema Machogu, akageukia ukuta.

Nyasani alivifunga visu vyake ndani ya ngozi, akaenda zake. Siku chache baadaye walimzika Machogu nyuma ya migomba.

Esnah alipofika matangani, Persis aliruka kutoka mkekani akamzuia mlangoni.

"Wewe huingii kwangu! Pombe yako ndiyo imeniulia mume!"

"Pombe gani, mama Ongeri?" Esnah alishangaa kweli. "Toka mavuno hajavuta mrija hata mara moja. Alikuwa anakaa tu, anajimwagia kidogo kwa shati, anaenda nyumbani. Nilimuuliza kwa nini, akasema nisimwambie mtu. Zamani ndiyo alikuwa anakunywa, ananilipa na wimbi. Mara ya mwisho akakuja mikono mitupu, damu inatoka kwa sikio. Nikamuuliza, wimbi iko wapi? Akasema ghala imepata mwenyewe."