Kikombe cha Pili

Mama muuza ulanzi, pombe ya mianzi, alionja kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akamkabidhi mume wa Avelina kikombe kimoja kilichojaa. Mtu na mkewe hunywea kikombe kimoja. Nani asiyejua hilo?

Walikuwa wakirudi kutoka Kitulo, walikokwenda kutazama maua kwa sababu Avelina aliomba. Kule juu mumewe alipiga picha maua, akapiga picha hata ukungu. Tangu waipite Njombe aliendesha gari macho mbele tu, mpaka waliposimama hapa kando ya barabara.

Ulanzi ulikuwa mbichi, mtamu bado. Mume alikunywa nusu, povu likamganda mdomoni. Avelina akanyoosha mkono apokee, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Mume hakumpa.

"Mama, huyu naye mtilie kwenye kikombe chake."

Muuzaji akasita, kidumu kikiwa kimeinama mkononi.

"Nisamehe, baba. Nilidhani ni mkeo."

Avelina akangoja mumewe ajibu. Mumewe alikuwa akifuta povu, taratibu, kwa kiganja.

"Hapana, mama," Avelina akasema, akiurudisha mkono ndani ya kitenge. "Kanipa lifti tu. Nashukia Makambako."