Ufunuo wa Viatu

Jumapili ya kwanza baada ya fujo za uchaguzi kuanza, Askofu Kitheka alipanda madhabahuni amevaa viatu. Kanisa zima la Mashimoni likashika mdomo. Tangu enzi za waanzilishi, waumini wa Kanisa la Nchi Takatifu huacha viatu mlangoni, awe tajiri awe hohehahe, na mtoto akisahau huchapwa. Sasa baba yao wa kiroho alikuwa mbele yao na buti nyeusi za kufunga kamba, fimbo mkononi.

"Bwana amesema nami," akatangaza. "Nchi inawaka. Wana wa Israeli walikula Pasaka na viatu miguuni na fimbo mkononi, tayari kwa safari. Kuanzia leo, vaeni."

Wakasukumana kurudi mlangoni kutafuta malapa yao. Ndivyo walivyokuwa watu wale. Askofu akisema maziwa ni meusi, wao huuliza tu ni meusi kiasi gani.

Wanza alivaa pia, ingawa mawazo yake hayakuwa miguuni. Mumewe, Mulatya, soja aliyelinda usiku tawi la kanisa hilo huko Kawangware, alikuwa seli. Tawi lile lilikuwa limeteketea alfajiri ya Ijumaa. Wengine walisema ni vijana wa fujo, wengine walimnong'ona mwenye ploti, eti anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Askofu hakungoja kunong'onezwa. Alikwenda kituoni mwenyewe akaandikisha kwamba aliyechoma ni soja.

Kila Wanza alipompelekea chakula, Mulatya alirudia maneno yale yale. Moto ulianzia ndani. Bati la paa likaanguka, na mtu akapiga nduru mle ndani, kisha akatorokea nyuma.

"Soja, mhalifu gani hupiga nduru?" askari walimcheka.

Waumini wa Kawangware, wakiwa hawana tena pa kusalia, walianza kuja Mashimoni kwa miguu, wakipita vichochoro kukwepa vizuizi vya barabarani. Waliongozwa na Mchungaji Mbithi, mtu mwenye sauti tamu, ambaye kabla ya moto walishaanza kumsikiliza kuliko walivyomsikiliza Askofu. Kumbe kupoteza jengo hakukumpunguzia Mbithi kiburi. Alisimama mlangoni pekupeku na kukataa kuingia.

"Hapa ni madhabahu ama ni stage ya matatu za 56?" akauliza. "Askofu avue, ndiyo niingie."

Ikawa vita. Kundi la viatu upande huu, kundi la pekupeku upande ule, na viti vya plastiki vikiruka katikati. Nchi ilikuwa inachinjana kwa ajili ya kura. Wao, waliookoka, walipasuana vichwa kwa ajili ya malapa. Na kila Jumapili wachache zaidi walikuwa wakivua na kuhamia upande wa Mbithi.

Mwisho wa Januari, Askofu alimwita Wanza ofisini. Hakumwambia aketi.

"Sista Wanza, kina mama wanakuamini kwa maono. Jumapili simama useme nawe umeonyeshwa viatu. Jumatatu naenda kituoni, naondoa kesi ya bwanako."

"Na kama sijaonyeshwa, Baba Askofu?"

"Mulatya anaendeleaje huko ndani? Nasikia anakohoa."

Wanza alirudi nyumbani akiwa amevunjika moyo. Hakuwa amewahi kulitaja jina la Mungu kwa uongo, hata alipokuwa na njaa. Lakini kikohozi kile alikuwa amekisikia kwa masikio yake.

Jumapili ilipofika alisimama. "Nimeonyeshwa malaika," akasema. "Miguuni amevaa viatu."

"Viatu vya aina gani?" Mbithi akauliza kutoka mlangoni.

"Buti nyeusi. Za kamba."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Waliokuwa pekupeku wakaanza kuinama mmoja mmoja, wakivaa huku wamekwepesha macho, hadi Mbithi akabaki peke yake kizingitini na vidole vyake vyenye vumbi. Askofu alichekea juu ya madhabahu, cheko la mtu aliyeshiba.

Wanza aliona uchungu na aibu, lakini hakuwa mjinga. Ahadi ya ofisini ni upepo. Ahadi ya mbele ya watu hushika. Akapita katikati ya vigelegele, akapiga magoti mbele ya Askofu na kuukumbatia mguu wake wa kulia kwa mikono miwili.

"Baba, sema wote wasikie. Kesho Mulatya anarudi nyumbani."

Askofu akapiga nduru.

Akaangukia kiti chake, fimbo ikabiringika chini. Kina mama wakamkimbilia wakisema mtumishi amepatwa na shetani wa mguu. Mmoja akashika kamba za buti, mwingine akashika kisigino. Askofu akawapiga mateke kwa mguu mwingine, akawalaani, akawakataza katika jina la Bwana. Mara hii tu hawakumsikia. Buti ikatoka. Soksi ikatoka, na ngozi kidogo pamoja nayo.

Unyayo ulikuwa umeungua vibaya, mistari ya bati imejichora kutoka kisigino hadi vidoleni.

Wanza aliuinua mguu ule juu zaidi, ili Mbithi auone kutoka mlangoni. Mtumishi wa Mungu alikuwa amebeba petroli yake toka Mashimoni hadi Kawangware, akafika kwenye mlango wa kanisa na, kwa mazoea mema ya miaka yote, akavua viatu kwanza.