Ubao Uliogoma Kurandwa

"Piga randa, harusi Jumamosi!"

"Nipige nifungwe? Haujakubali, mama Mishi!"

"Wajomba wote wameikubali harusi, ubao ndio nani akatae?"

Fundi Shekue na mkewe walikuwa wanapigiana kelele juu ya ubao wa mvule, wa kitanda cha harusi cha binti yao. Siku hizi sheria ilitaka ubao uulizwe kabla ya kuguswa, nao ujibu kupitia kidude kilichobandikwa ubavuni. Huu ulishakataa mara tatu. Fundi Shekue alikuwa ameupaka mafuta ya nazi, ameuimbia, wapi! Akauliza tena, kwa upole: "Tukuchonge kitanda cha Mishi, unakubali?"

Kidude kikakohoa.

"Nitakubali," ubao ukasema. "Ila kwanza muulizeni Mishi, kama mnavyoniuliza mimi."