Ila ya Ng'ombe wa Damari

Kitendawili, wajukuu wangu: nina mgeni, kila nikimlisha ndivyo anavyozidi kuona njaa. Msinipe mji bado, msikilizeni kwanza Damari.

Damari alimpeleka ng'ombe wake mnadani ili apate mabati, maana mvua ilikuwa karibu na paa lake limeoza. Katika mji ule muuzaji hakabidhi kamba mpaka ataje ila, yaani kasoro, ya mnyama wake.

"Ana ila gani, mwanangu?" akauliza Bibi Yunisi, mkono tayari kwenye kamba.

"Huyu? Mpole, bibi. Hebu yatazame macho yake."

"Macho nimeyaona. Hapigi teke akikamuliwa?"

"Hafukuzi hata nzi."

"Na hilo kovu la mguuni mwako?"

"Jembe, bibi." Damari akashusha kanga kulifunika. Jumapili iliyopita yeye ndiye aliyesoma kanisani yale maneno ya ndiyo kuwa ndiyo na siyo kuwa siyo.

Bibi Yunisi akacheka kwa furaha. "Basi mjukuu wangu Lea ndiye atakayemkamua. Mimi vidole vimekwisha. Bado mdogo, lakini hodari huyo." Akaivuta kamba.

Damari hakuiachia. Juu ya mnada wingu lilikuwa limeshatanda. Wote wawili wakiwa wameishika kamba, Damari akaipandisha kanga yake taratibu, kovu likaonekana lote.

"Uliniuliza ila yake, bibi," akasema. "Ni teke. Jembe halijanigusa."

Sasa nipeni mji, wajukuu wangu: mgeni huyo ni uongo.